Kabla ya kulaumu orodha ya timu, tuulize ni nani aliyefika Garissa kutazama

KILA orodha ya kikosi cha taifa cha vijana inapotangazwa, mjadala huzuka mjini Garissa kabla hata wachezaji hawajaingia kambini. Katika mikahawa ya Barabara ya Kismayu na vibanda vya chai vilivyo karibu na Soko Mugdi, mashabiki huyapitia majina moja baada ya jingine. Huyu kipa ni mfupi. Yule mshambuliaji alicheza vizuri mechi moja tu. Beki fulani kachaguliwa kwa sababu shule yake ina jina. Na mwisho wa yote huja swali lile lile la miaka nenda miaka rudi: mbona majina ya Kaskazini Mashariki ni haba?

Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, linaulizwa katika hatua ya mwisho, wakati mambo yamekwisha kuamuliwa. Kocha hawezi kumchagua kijana ambaye hakupata kumwona. Kwa hiyo, kabla ya kuhoji ni nani aliyeteuliwa, yafaa tuhoji ni nani aliyetazamwa, wapi, na mara ngapi.

Ada hii ya mashabiki kuwapima chipukizi si ya Garissa peke yake. Nchini Marekani, klabu kubwa za besiboli hugawana vijana kwa zamu kila mwaka, na mashabiki hukesha wakibishana ni klabu ipi iliyolamba dume na ipi iliyopata garasa. Utaratibu huo ulianza mwaka 1965, na msingi wake ni kwamba klabu zilizofanya vibaya zaidi ndizo zinazopewa nafasi ya kuchagua mapema, ili wanyonge nao wapate kuinuka.

Lakini hata huko, hukumu za siku ya kwanza mara nyingi huumbuka. Mwaka 1988, klabu ya Los Angeles Dodgers ilimchagua Mike Piazza katika raundi ya 62, akiwa wa 1,390 kwenye orodha. Mwaka 2016 mchezaji huyo aliingizwa katika jumba la heshima la besiboli. Jambo la kuzingatia ni hili: Piazza alichaguliwa kwa kuwa baba yake alikuwa rafiki wa Tommy Lasorda, aliyekuwa meneja wa Dodgers. Kipaji alikuwa nacho, lakini kilichomfungulia mlango ni mtu wa kumsemea.

Je, kijana wa Bulla Iftin, wa Habaswein au wa Elwak ana nani wa kumsemea?

Nchini Kenya, mlango wa kwanza wa mchezaji chipukizi kwa kawaida ni shule. Mashindano ya shule za sekondari huanzia katika kaunti ndogo, yakapanda hadi kaunti, kanda, taifa, na hatimaye Afrika Mashariki. Timu ya wasichana wasiozidi umri wa miaka 17, Junior Starlets, iliyokuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia, mwaka 2024 katika Jamhuri ya Dominika, ilijengwa kwa wanafunzi wa sekondari, wengi wao kutoka magharibi mwa nchi. Timu hiyo iliilaza Mexico mabao 2-1. Hiyo haikuwa bahati. Ni matunda ya shule zenye walimu wa michezo waliokaa mahali pamoja kwa miaka mingi, wakimtazama msichana tangu kidato cha kwanza hadi cha nne.

Hapo ndipo Kaskazini Mashariki ilipopata pigo ambalo mashabiki hulizungumza kwa nadra wanapobishana kuhusu orodha. Baada ya mashambulizi ya Mandera mwishoni mwa mwaka 2014 na lile la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015 lililoua watu 148, walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera.

Hofu ya walimu hao haiwezi kubezwa, kwani hakuna kazi inayolipa uhai wa mtu. Ila ukweli ni kwamba mwalimu aliyeondoka hakuondoka na hisabati na kemia pekee. Mara nyingi ndiye pia aliyekuwa na filimbi na mipira, akajua kwamba yule mvulana mkimya wa kidato cha pili anatumia miguu yote miwili. Alipofunga virago, eneo lilipoteza jicho lake la kwanza.

Aidha, kuna umbali. Kutoka Mandera hadi Nairobi ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na sehemu ya barabara hiyo imekuwa ya hatari kwa miaka mingi. Majaribio ya wachezaji yanapoitishwa Nairobi, kijana wa Kiambu hutoka nyumbani asubuhi akarudi jioni. Mwenzake wa Mandera huhitaji nauli, mahali pa kulala na ruhusa ya wazazi wanaohofia usalama wa njiani, ili akachezeshwe dakika chache mbele ya kocha asiyemjua. Kusema kwamba nafasi ilikuwa wazi kwa wote ni kweli katika karatasi tu.

Na tukizungumzia karatasi, tunafika kwenye kiini cha uchungu wa eneo hili. Mchezaji wa timu ya vijana hahitaji miguu mizuri pekee. Anahitaji cheti cha kuzaliwa na pasipoti, na pasipoti ya mtoto hutegemea vitambulisho vya wazazi. Tangu mwaka 2009, FIFA imetumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kukagua umri katika Kombe la Dunia la vijana wasiozidi miaka 17. Mashine hiyo yaweza kukisia umri wa mfupa, lakini haiwezi kumpa mtu uraia.

Historia ya suala hilo ni ndefu. Mwaka 1989, serikali iliendesha zoezi la kuwakagua Wakenya wenye asili ya Kisomali na kuwapa kadi maalumu. Baadaye, familia nyingi za wenyeji zilizokumbwa na ukame zilijiandikisha katika kambi za Dadaab ili zipate chakula. Watoto wao walipofikia umri wa kuomba kitambulisho, alama zao za vidole zilionekana kwenye daftari la wakimbizi, na maelfu wakakataliwa katika nchi yao wenyewe.

Februari 2025, Rais William Ruto alitia saini tamko mjini Wajir la kukomesha ukaguzi wa ziada kwa wakazi wa kaunti hizo wanaotafuta vitambulisho. Wengi walilishangilia. Lakini tamko ni jambo moja, na karatasi mkononi mwa kijana ni jambo jingine. Kipaji cha soka hakisubiri. Anayepata stakabadhi zake akiwa na miaka 20 amekwisha kupitwa na timu ya chini ya miaka 17, na karibu kupitwa na ile ya chini ya miaka 20.

Tunao mfano wa kutufunza. Awer Mabil alizaliwa mwaka 1995 katika kambi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini. Mwaka 2006 familia yake ilihamia Australia. Juni 2022, alifunga mojawapo ya penalti zilizoiwezesha Australia kuitoa Peru na kufuzu kwa Kombe la Dunia. Kipaji kiliota katika vumbi la kaskazini mwa Kenya, kikavunwa na nchi iliyompa karatasi, uwanja na mtu wa kumtazama.

Wapo mashabiki wanaopendekeza kwamba kila kanda itengewe nafasi katika kikosi cha taifa. Hoja yao inaeleweka, lakini ina madhara. Kijana anayeingia kwa mgao hutiliwa shaka hata anapocheza vyema, na kosa lake moja huwa kosa la jamii nzima. Isitoshe, mazoea ya kugawana nafasi kwa mizani ya koo, tunayoyafahamu katika siasa za eneo hili, yakiingia uwanjani yatawaumiza vijana wetu kwanza. Kinachostahili kugawanywa sawa ni fursa ya kuonekana, wala si jezi.

Hayo yanawezekana bila miujiza. Shirikisho la Soka nchini (FKF) lifanye majaribio ya vijana Garissa, Wajir na Mandera kwenyewe, na litangaze mapema vigezo vitakavyotumika. Serikali za kaunti ziwasomeshe ukocha walimu wenyeji, wanaume na wanawake, ambao hawatahamishwa kila panapotokea tishio. Na stakabadhi za wachezaji zianze kushughulikiwa wakiwa na miaka 12 au 13, badala ya wiki ya safari.

Kenya ilipokabidhiwa mwaka 2023 jukumu la kuandaa Kombe la Afrika la 2027 pamoja na Uganda na Tanzania, fikra nyingi zilielekezwa kwenye viwanja na viti. Viwanja ni muhimu. Hata hivyo, mbegu bora isiyofikiwa na mkulima huliwa na ndege.

Mashabiki wa Garissa na waendelee kubishana juu ya majina, kwani ni haki yao na ni raha yao. Ila orodha ijayo itakapotoka, swali la kwanza mezani liwe hili: katika mwaka uliopita, ni siku ngapi mteuzi alisimama kando ya uwanja wetu? Jibu likiwa hakuna hata moja, basi hakuna haja ya kuyasoma majina.