UKURASA WA LUGHA: Vitenzi vya Kiingereza na Kiswahili cha Nyumbani



Kalemie ni mji wa bandari. Ng'ambo ya ziwa iko Kigoma, na kusini iko Mpulungu ya Zambia. Huko Kiingereza hutumika katika ofisi nyingi, na dawa na mashine nyingi huja na maelezo ya lugha hiyo. Tena tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Si ajabu basi kwamba vijana wetu, wanaofundishwa shuleni kwa Kifaransa, wanatamani kujua na Kiingereza pia.

Lakini wazazi wengine husema, "Mimi sikijui; nitamsaidiaje mtoto?" Na wengine hukataza Kiswahili nyumbani, wakidhani kwamba chamzuia mtoto kuendelea. Mawazo hayo si sawa. Tutayapima leo kwa kutazama kitenzi, maana sentensi bila kitenzi ni kama mtumbwi bila kafi.

Kwanza, kuna vitenzi vinavyodai kitu cha kutendewa, na vingine visivyodai. Ukisema "Mama amenunua," msikilizaji huuliza, "Amenunua nini?" Ukisema "Mtoto amelala," haulizi neno. Kiingereza nacho kina jamaa hizo mbili: "buy" ni kununua, "sleep" ni kulala. Bali tofauti ni hii: sisi hugeuza mwisho wa neno. Twasema nafungua mlango, lakini mlango wafunguka. Nachemsha maji, lakini maji yachemka. Mwingereza hutumia "open" na "boil" pande zote mbili bila kugeuza kitu. Mtoto anayejua vema tofauti ya kuvunja na kuvunjika hatatatizwa na "break", maana akili yake imekwisha kutenga mambo hayo mawili.

Pili, kuna vitenzi vinavyofuata kanuni na vinavyoiasi. Vilivyo vingi huongezwa "-ed" mwishoni kuonyesha wakati uliopita: "wash" huwa "washed". Lakini vipo kama 200 vyenye desturi zao: "go" huwa "went", "buy" huwa "bought", na "cut" haibadiliki hata kidogo. Hapo hakuna njia ila kuvikariri kidogo kidogo. Mtoto asilalamike: hata sisi twasema anasoma, lakini anakula wala si "anala". Kila lugha ina watoto wake wakaidi, na mara nyingi ndio wanaotumwa kazi nyingi zaidi.

Tatu, kuna vitenzi visaidizi: "be", "have" na "do". Neno letu moja, hawatanipikia, Mwingereza hulisema kwa maneno sita: "they will not cook for me". Yale tunayoyafunga katika neno moja, yeye huyatandaza kama samaki juani. Na hapa vijana wetu wana mtego wa pekee. Kwa Kiswahili twasema nina njaa, nina miaka kumi. Kifaransa nacho hutumia kitenzi cha kuwa na kitu. Basi mtoto wa Kalemie, akivutwa na lugha zote mbili, husema "I have ten years". Mwingereza husema "I am ten", yaani hutumia kitenzi cha kuwa. Vilevile njaa: "I am hungry".

Nne, kuna vitenzi vya uwezo, ruhusa na lazima: "can", "may", "must". Hivi ni vichache, lakini vina uzito. "Must" maana yake ni lazima. Je, "must not"? Wengi hudhani kwamba ni "si lazima". La! Maana yake ni marufuku. Ikiwa karatasi ya dawa yasema kwamba watoto wachanga "must not" kupewa dawa ile, mwenye kusoma "si lazima kuwapa" huona kwamba akipenda aweza kuwapa. Kumbe ameonywa asithubutu, na kosa la neno dogo laweza kuwa msiba nyumbani. "Si lazima" kwa Kiingereza ni "need not" au "do not have to". Wazazi, mkumbusheni kila kijana anayewasomea maandishi ya dawa jambo hili, na mkiwa na mashaka mwulizeni mwuguzi.

Mwaona basi kwamba Kiswahili hakimzuii mtoto. Ndicho mizani yake ya kupimia lugha nyingine. Tukumbuke mwana wa nchi yetu, Stefano Kaoze. Hakuzaliwa na Kifaransa wala Kilatini. Alijifunza vyote viwili juu ya lugha ya kwao. Mwaka 1911 maandiko yake ya Kifaransa juu ya fikra za Wabantu yalikuwa yamekwisha kutolewa, naye mwaka 1917 alipewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Wakongomani wa zama zetu. Elimu mpya haikumtaka kutupa ile ya kwanza.

Basi jioni hizi, baada ya chakula, mpeni mtoto kazi ndogo. Ataje vitenzi kumi vya Kiswahili, avitenge: vinavyodai kitu na visivyodai. Kisha atafute vya Kiingereza vilivyo sawa navyo, kama anavyojua. Baba au mama asiyejua Kiingereza aweza kuisimamia nusu ya kwanza bila haya, na hiyo ndiyo nusu iliyo msingi.

Safari ijayo, Mungu akipenda, tutaeleza nyakati za vitenzi. Amani ikae katika nyumba zenu.