Mabaraza ya mto yafanyike mtoni

Mhariri,

Mikutano ya kufundishana kufufua mito yetu hapa Machakos mara nyingi hufanyika kumbini, ilhali darasa lenyewe liko mtoni.

Mwezi jana kikundi chetu cha mwethya, yaani kazi ya kusaidiana, kilikutana kando ya bwawa la mchanga, ukuta uliojengwa mtoni kuzuia mchanga na maji. Mama mmoja alifukua mchanga mkavu kwa kata. Mkono ulipozama hadi kiwikoni, maji yakaanza kujikusanya, safi na baridi. Vijana waliokuwa wakiuliza kwa nini tunapinga uvunaji mchanga kiholela walinyamaza. Mchanga huyaficha maji jua lisiyakaushe. Lori likiuzoa, limeondoka na kisima chetu.

Ujuzi wa kuokoa ardhi na maji tunao tangu zamani. Miaka ya 1930 wakoloni waliandika kwamba ardhi hii imeharibika mno kwa mmomonyoko. Wazee wetu, na akina mama hasa, wakachimba matuta kwa mwethya. Mwaka 1994 mtafiti Mary Tiffen na wenzake wakachapisha kitabu kuonyesha kuwa hapa Machakos watu wameongezeka na mmomonyoko umepungua.

Naiomba serikali ya kaunti na machifu wetu waitishe mabaraza haya mtoni, waliochimba matuta wawe walimu, na watoto wa shule waletwe. Iwe asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Msomaji,
Machakos