Mwalimu, Video Pekee Haitoshi

Wewe uliye chuoni, hebu niambie: wiki hii umetumiwa video ngapi kwenye WhatsApp, ukaambiwa uzitazame kabla ya kipindi? Mtindo huu huitwa darasa lililopinduliwa. Somo unalisikiliza nyumbani, kisha saa ya darasa inabaki ya maswali na mazoezi, mwalimu akipita kati yenu.

Sina shida nao. Mimi chuo niliacha, na mengi ya kazi hii ya kublogi nimejifunza kwa video, nikirudisha nyuma mara tano bila kumuudhi mtu. Kwa anayeogopa kuinua mkono mbele ya watu mia mbili, hiyo ni dawa.

Shida ni kwamba wengi wameiga nusu tu. Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia katika Woodland Park High School, Colorado, Marekani, walianza kurekodi masomo mwaka wa 2007 kwa sababu wanafunzi wengi walikuwa wakikosa vipindi. Wasiokuwa na intaneti nyumbani waliwekewa masomo kwenye DVD. Skiza hapo: walijiuliza kwanza video itamfikiaje mwanafunzi.

Huku kwetu nani huuliza? Msee wa Kayole anayetumia simu moja na dadake, video ya saa nzima inammalizia bando. Huyo anahitaji vipande vifupi vya dakika kumi hivi, apakue akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo. Anayefanya kibarua mchana anataka video ije siku kadhaa mapema, si saa nne usiku kwa kipindi cha asubuhi. Kiziwi anahitaji maandishi chini ya picha, ama mkalimani. Katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya, bado anatumiwa video ya sauti tupu!

Na yule ambaye hata akitazama mara tatu haelewi (tusidanganyane, ni wengi) anamhitaji mwalimu mwenyewe, ana kwa ana. Lakini nimeona mhadhiri akiingia, anasoma slaidi zile zile za video, kisha anaondoka mapema. Mimi hiyo naiita kukwepa kazi. Karo hamkulipia linki.

Basi kiongozi wa darasa lenu ampelekee mhadhiri maombi mawili: video za wiki zije Ijumaa iliyotangulia, na kipindi kianze na maswali yenu. Akisema kila kitu kiko kwenye grupu, muulizeni darasani mnaitiwa nini.