Macho Yakikauka



Mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia baada ya darsa, akilalamika kwamba kila akishika msahafu usiku, macho humwasha kama yaliyotiwa mchanga. Alikwishasikia kwamba Wachina hutibu macho makavu kwa kuyabonyeza, basi kila usiku akawa anayabonyeza kwa nguvu. Nikamwambia: "Mama, hapo umekosea njia."

Chozi si maji matupu. Juu yake mna utando wa mafuta utokao katika tezi ndogo za kope. Mafuta hayo yakiganda, maji hukauka upesi, hasa chini ya feni au mbele ya simu, ambako mtu husahau kupepesa.

Matabibu wa jadi wa China huliita jicho mlango wa ini, nao hukanda sehemu zinazolizunguka, si jicho lenyewe. Tangu miaka ya 1960, wanafunzi wa China wamekuwa wakifundishwa ukandaji huo madarasani.

Anayetaka kujaribu na aoshe mikono, aondoe wanja, kisha afumbe macho. Kwa ncha ya kidole akande taratibu mwanzo wa nyusi karibu na pua, kisha shavuni juu ya mfupa ulio chini ya jicho, kisha kwenye panja. Kila mahali ahesabu hadi 30. Baadaye achovye kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu, akikamue, akiweke juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10. Joto hilo hata madaktari wa hospitali huliagiza, kwani huyeyusha mafuta yaliyoganda. Ama ukandaji, huo ni wa kuburudisha. Usiufanye ndiyo tiba nzima.

Wachina hunywa pia chai ya matunda mekundu yaitwayo goji. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiinywe kabla ya kumuuliza daktari wake.

Na jicho likiuma sana, likiwa jekundu, likitoa usaha au likififia kuona, usingoje kitambaa wala chai. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dini yetu imetuhimiza kutafuta tiba, wala kuchelewa si subira.

Mama yule ameacha kubonyeza, na miadi ya daktari wa macho amekwishaichukua.

Wabillahi tawfiq.