Beni na Butembo: kila hatua ina jibu, na jibu huwaangukia raia

Katika mchezo wa dama, asiyetazama mpinzani atajibu nini hupoteza kete zake. Beni na Butembo, wanaoanzisha mchezo ni wakubwa wa Kinshasa, lakini kete zinazoliwa ni raia. Kosa hilo limeshafanyika zaidi ya mara moja.

Wachumi wana elimu inayochunguza maamuzi ya zamu: mmoja anatangulia, mwingine anaona, kisha anajibu. Kanuni yake ni kufikiri kuanzia mwisho. Kabla ya kuchagua hatua, jiulize mwenzako ataijibu vipi. Mjerumani Reinhard Selten, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994, alionyesha pia kwamba ahadi au tishio halina uzito ikiwa, siku ikifika, mtoaji hatakuwa na sababu ya kulitimiza.

Tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kuwa Beni, Butembo na Yumbi zingepiga kura Machi 2019, huku sehemu nyingine za nchi zikipiga 30 Desemba. Kwa Beni na Butembo, sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama. Lakini rais mpya alitarajiwa kuapishwa Januari. Zamu ya wakazi hawa ingefika mchezo wa urais ukiwa umekwisha. Zaidi ya wapiga kura milioni moja waliachwa nje, wakati tofauti kati ya Félix Tshisekedi na Martin Fayulu katika matokeo rasmi ilikuwa kura 684,000 hivi.

Jibu lilikuja kesho yake. Waandamanaji mjini Beni walivamia kituo cha kupokea watu walioshukiwa kuwa na Ebola, na baadhi ya wagonjwa wakakimbia. Watu waliokuwa wakienda sokoni na kanisani kila siku waliambiwa kwamba ugonjwa unawazuia kupiga kura tu. Si ajabu wengi waliona kuwa Ebola ni siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Uamuzi wa CENI haukuwa chanzo pekee cha chuki hiyo, lakini uliichochea wakati timu za afya zilipohitaji imani ya watu kuliko kitu kingine. Mlipuko huo uliua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020.

Mwaka uleule wa 2019, tarehe 30 Oktoba, jeshi la FARDC lilianza operesheni kubwa dhidi ya waasi wa ADF. Waasi hawakujibu kwa kupigana na jeshi peke yake. Waliua raia kwa makumi, vijijini na hata ndani ya mji wa Beni. Tarehe 25 Novemba wakazi wenye hasira walichoma ofisi ya meya na kuvamia kambi ya MONUSCO. ADF walikuwa wakichinja raia tangu 2014. Jibu lao lilitabirika.

Hii haina maana kwamba jeshi likae kimya. Kukaa kimya nako ni hatua, na waasi huijibu kwa kujipanga upya. Maana yake ni kwamba ulinzi wa raia utangulie shambulio. Tangu Novemba 2021, jeshi la Uganda linapigana pamoja na FARDC, na vikundi vya ADF vimesogea hadi Mambasa na Lubero. Kabla ya kuwafukuza kutoka msitu mmoja, makamanda waseme nani anakilinda kijiji kilicho upande wa pili.

Raia nao wana zamu yao. Wanaweza kutoa habari za waasi au kunyamaza, kupokea chanjo au kuikataa. Wataamua kwa kukumbuka walivyotendewa mara iliyopita. Serikali inayotaka jibu jema kesho ianze leo kutimiza ilichoahidi.