Uluguru: Shilingi ya Mgeni na Maji ya Mto Ruvu

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, 2024, safari iliyokuwa ikichukua saa nne au zaidi kwa basi sasa humalizika kwa takribani saa mbili. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kushuka Morogoro asubuhi, akapanda mlima kwa miguu, akala chakula cha mchana na kurudi kwake jioni. Mji kasoro bahari, uliozoeleka kuwa mahali pa kupitia kwenda Mikumi, Iringa au Dodoma, umeanza kuwa mwisho wa safari.

Kwa mtazamo wa uchambuzi huu, swali la msingi si wageni wangapi watakuja, bali fedha yao italala wapi. Jibu lake linamgusa hata yule asiyewahi kukanyaga Uluguru.

Milima hiyo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki na ndiyo chimbuko la mito inayounda Mto Ruvu, tegemeo kuu la maji ya Dar es Salaam na Pwani. Oktoba 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka, wakazi wa jiji walitangaziwa mgawo wa maji. Serikali inajenga Bwawa la Kidunda lenye uwezo wa kuhifadhi lita bilioni 190, lakini bwawa huhifadhi kile ambacho mlima umekiachilia: maji msitu ukiwa hai, tope ukiwa umefyekwa.

Msitu wenyewe umelindwa kisheria tangu mwaka 2008 kama Hifadhi ya Mazingira Asilia, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Humo yumo ndege ajulikanaye kitaalamu kama Malaconotus alius, asiyepatikana pengine popote duniani. Hata hivyo, ulinzi wa sheria una mipaka yake, na historia ya Uluguru inalithibitisha hilo. Mwaka 1950 Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Waluguru waliupinga, ghasia zikazuka Matombo mwaka 1955, na mpango ukaachwa. Lakini huko Mgeta, ambako mboga humlipa mkulima, matuta ya ngazi yanaonekana hadi leo. Mkulima huitunza ardhi inayomtunza.

Hapo ndipo utalii wa kutembea kwa miguu unapopata uzito. Tozo ya kuingia hifadhini huingia Serikalini kwa stakabadhi, na ni haki. Malipo ya mwongozaji wa kijijini, ya mama aliyepika ndizi, njegere na kabichi zilizochumwa asubuhi, na ya kijana anayeuza stroberi za Mgeta ndiyo yanayobaki mlimani. Mgeni anayepanda hadi Morningside, nyumba ya enzi za Wajerumani iliyo juu ya mji, akiwa na mkoba uliojaa biskuti na maji kutoka Dar es Salaam, amefurahia mandhari bila kumwachia mwenyeji chochote, isipokuwa pengine chupa tupu.

Chakula cha asili nacho kina upande wa pili usiosemwa sana, nao ni kuni na mkaa. Haina maana kumsifu mgeni kwa kula mazao ya mlima ilhali sufuria imechemshwa kwa mti wa mlima huohuo. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mabanda ya chakula yaliyo kwenye njia za watalii yanastahili kuwa miongoni mwa ya kwanza kufikiwa na majiko ya gesi au majiko banifu, kwa kuwa yana wateja na yanaweza kulipia mtungi kutokana na mapato yao.

Kwa anayepanga safari, kipindi cha Juni hadi Septemba ndicho kikavu zaidi. Masika ya Machi hadi Mei huzifanya njia ziteleze mno. Kilele cha Lupanga, chenye zaidi ya mita 2,100, kinahitaji siku nzima, viatu vya kushika ardhi na mwongozaji. Morningside hutosha kwa nusu siku. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni, 2019, hivyo kikapu ni bora zaidi. Chakula kiagizwe kwa mwongozaji kabla ya kuanza kupanda, maana mpishi wa kijijini hapiki kwa kubahatisha, na asiyeagiza hurudi mjini na njaa yake.