NINA ROVER, SIYO LAND ROVER

Msomaji wangu, ukitaka kunikera we niulize, "Hiyo Land Rover yako inakula mafuta kiasi gani?" Sina Land Rover. Nina Rover 75, gari la saluni, la dizeli, la mwaka 2003. Ni kweli Land Rover ilizaliwa mwaka 1948 katika kampuni hiyo hiyo ya Rover kule Uingereza, lakini moja ni ya shamba na nyingine ni ya suti. Margaret Thatcher alipofika Downing Street mwaka 1979 kuanza uwaziri mkuu, alishuka kwenye Rover ya suti.

Sasa waeleze hayo vijana wa kijiweni Dar! Hapa gari ni Toyota, ukiwa na jingine unapewa pole. Langu wameshalibatiza "mkweche wa Malkia". Nami nawaacha, maana hawajakaa ndani. Ndani kuna mbao kwenye dashibodi, kuna saa zenye umbo la yai na uso wa rangi ya krimu, na viti kama vya sebuleni kwa mtu mwenye uwezo. Likipita kwenye mashimo ya mtaa wetu linainama kidogo, linanyanyuka, basi. Mwendo wa bibi harusi.

Mkosi wake ulianza siku lilipotolewa hadharani. Ilikuwa Oktoba 1998, kwenye maonesho ya magari ya Birmingham. BMW, waliokuwa wameinunua Rover mwaka 1994, wakalifunua mbele ya waandishi wa habari. Siku hiyo hiyo bosi wa BMW, Bernd Pischetsrieder, akasimama na kutia shaka kama kiwanda cha Rover cha Longbridge kitadumu. Jamani! Umemwalika mtu harusini halafu unamwambia ndoa yenyewe haina uhakika. Nani angeandika tena habari za mbao na krimu?

Mwaka 2000 BMW wakachoka, wakaiuza kampuni kwa pauni 10. Kumi, hakuna sifuri iliyopotea hapo. Aprili 2005 ikafa kabisa na watu wapatao 6,000 wakakosa kazi. Wachina wa SAIC, ambao walishanunua haki za michoro, wakalitoa gari lile lile wakiliita Roewe 750. Kwa Waingereza bei zikaporomoka, na hapo mjomba wangu, aliyekuwa akiishi Birmingham, akajipatia lake kwa bei ya chee. Akarudi nalo nyumbani kwa meli.

Sisemi halina ugonjwa. Ukisikia mtu anauza, uliza injini kwanza. Ile ya petroli ya 1.8 ina jina baya la kuunguza gasketi ya silinda hedi. V6 ya 2.5 ni tamu, ila ina mikanda mitatu ya taimingi, na fundi akiona mitatu anakuandikia bei ya minne. Yangu ni dizeli ya BMW, inatumia cheni, na fundi aliyezoea BMW za dizeli za miaka ile hababaiki nayo. Adui yake ni maji. Chini ya kioo cha mbele kuna vitundu vya kupitisha maji ya mvua. Vikizibwa na majani, maji yanajaa na kuingia kwenye kontroli boksi, na kuanzia hapo una kabati lenye matairi. Nyumbani kwetu gari linalala chini ya mwarobaini, kwa hiyo kila Jumapili mimi nakwangua majani wenzangu wakiwa mpirani.

Mjomba ana presha ya macho, haendeshi tena. Alinipa funguo kwa sharti moja: siku ya kliniki nimpeleke na gari hilo. Anakaa nyuma kushoto, anapapasa mbao ya mlangoni, anasikiliza injini. Oili ikichelewa kubadilishwa anajua kwa sauti tu, huwezi kumzuga.

Sasa mimi nataka kuoa. Mama akaona njia: gari liuzwe, mahari ipatikane. Dalali akaja, akalizunguka, akapiga teke tairi, akatamka milioni mbili. Bei ya bodaboda! Nikagoma. Mama akaniuliza mbele ya watu, "Kwani unaoa gari?"

Jioni nikampigia mchumba wangu kumweleza. Habari ya pesa hakuigusa. Aliuliza, "Na mjomba ataenda kliniki na nini?" Basi dalali nikamrudishia jibu.

Mahari tutaomba kutoa kwa awamu. Washenga wanakwenda Mbagala Jumamosi ijayo, na mjomba keshasema watapanda Rover na yeye atakaa mahali pake. Mwenyewe kimila sitakiwi kuonekana huko, lakini nani mwingine nitamkabidhi usukani? Nitawashusha kona, nikasubiri.

Tatizo limebaki moja. Feni ya rejeta imekufa spidi ndogo, ugonjwa unaojulikana sana kwa magari haya, na foleni ya Mbagala mnaijua. Msomaji mwenye feni ya Rover 75, au anayejua ilipo hapa mjini, aniandikie kupitia gazeti hili kabla ya Ijumaa. Nyekundu, bluu, ya mtumba, naichukua.